Sentensi Iliyodondoka Wiki ya Tisa

Viziwi hawamwiti mtu kwa sauti. Humpa jina la mikono, na jina hilo likishakushika halikutoki. La mkalimani huyu lilikuwa kuzungusha vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, maana yake Bangili. Alipewa akiwa msichana, enzi zile alipokuwa akivaa bangili saba mkono wa kushoto na kujiona. Sasa alikuwa na miaka arobaini na saba na mikono yake ilikuwa mitupu, kwa sababu mtu anayeisoma mikono yako saa tatu mfululizo hapaswi kubabaishwa na kitu kinachometameta. Bangili zilishagawiwa kwa watoto wa ndugu. Jina likabaki.

Kila Alhamisi saa mbili asubuhi alipanda kijukwaa cha mbao kando ya meza ya mhadhiri, kwenye ukumbi mkubwa wa chuo kikuu, amevaa shati jeusi lisilo na ua hata moja ili mikono ionekane. Mbele yake walikaa wanafunzi mia nne wa mwaka wa kwanza, na kati yao ni mmoja tu aliyemtazama. Kozi iliitwa Utangulizi wa Saikolojia ya Utambuzi. Ilihusu namna binadamu anavyoona na kusikia, anavyoweka mambo kichwani, na anavyoyapoteza.

Yule mmoja aliyemtazama alikuwa kiziwi wa miaka thelathini na mitatu, na jina lake la mikono lilikuwa Kovu, kwa ajili ya alama iliyokata nyusi yake ya kulia. Kipande cha ubao kiliruka kutoka kwenye msumeno siku moja huko alikokuwa seremala. Miaka kumi alitengeneza vitanda na makabati, huku akijisomea na kufanya mitihani kidogo kidogo mpaka akapata sifa za kuingia chuo. Alijifunza kusoma akiwa mkubwa, miaka kumi na minne, kwa maandishi ya kwenye makopo ya vanishi ya karakana alikoanza kama mfagiaji, na hilo halikumtoka moyoni. Alitaka kujua kwa nini watoto viziwi wanachelewa kusoma, na mtu aanzie wapi kuwasaidia.

Tatizo ni kwamba maneno ya kozi ile hayakuwa na ishara. Kwa hiyo kila Jumatano mchana wawili hao walikaa kwenye chumba cha kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu, kwenye meza ambayo Kovu aliitia mguu mpya siku ya kwanza kwa kuchoshwa na kuyumba kwake, wakatengeneza ishara. Kumbukumbu ya muda mfupi ikawa kiganja kilichokinga maji yanayovuja. Kumbukumbu ya muda mrefu ikawa mtoto wa meza anayevutwa nyuma ya kisogo. Uzingatifu ukawa tochi inayowaka kwenye paji la uso. Neno utambuzi lenyewe, lililobeba jina la kozi, walilipa ishara wiki ya pili: vidole viwili vikizunguka kwenye paji la uso kama magurudumu ya saa, yaani kazi yote inayofanyika kichwani. Siku hiyo Bangili alicheka mpaka akafuta machozi, kwa kuwa Kovu alidai ishara ile ilikuwa inafanana na mtu anayemwambia mwenzake kwamba ni mwendawazimu.

Damu zao ziliendana. Isipokuwa Bangili alikuwa amechoka.

Haukuwa uchovu wa siku moja. Kazi ya ukalimani hufanywa na watu wawili wanaopokezana kila dakika ishirini, na si kwa sababu ya uvivu. Sikio linakuwa kwenye sentensi ya pili wakati mikono inamalizia ya kwanza, na akili iko katikati imebeba zote mbili kama mtu mwenye ndoo mbili zilizojaa. Baada ya dakika ishirini ndoo zinaanza kumwagika. Bangili alikuwa na mwenzake kitengoni, lakini mwenzake alipata kazi kwenye taarifa ya habari ya televisheni akaondoka. Mkuu wa kitengo alimwambia nafasi imetangazwa, avumilie kidogo. Alivumilia muhula mzima, akavumilia na wa pili. Alipouliza tena aliambiwa nafasi imetangazwa upya. Siku hizi bega la kulia lilikuwa likiwaka moto kila alipoinua mkono juu ya kifua, na asubuhi alifunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto.

Na mikono ile haikupumzika hata nyumbani. Mama yake alikuwa kiziwi tangu utotoni. Alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali karibu maisha yake yote, akikunja mashuka, na binti yake alijua kuongea kwa mikono kabla hajaanza kutamka neno. Uzeeni mama alipata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Tangu hapo akawa anasoma mazungumzo kwa kuishika mikono ya binti yake inapoongea, akiifuata hewani kwa vidole vyake vikavu. Kila jioni Bangili alimpa mama yake habari za mtaa na za ukoo kwa njia hiyo, na uzito wa mikono ya mama juu ya yake, ingawa ulikuwa mwepesi, ulimshukia begani kama gunia.

Mhadhiri hakuyajua hayo. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, msomi anayeipenda kozi yake kwelikweli, na viziwi walimwita Miwani Mbili, kwa kuwa alikuwa na moja puani na nyingine aliyoisahau kwenye nywele. Aliongea haraka, akirudi nyuma kusahihisha alichosema, akichomeka jambo katikati ya jambo. Hakuwa mtu mbaya. Hakugeuka tu kutazama kijukwaa.

Wiki ya tisa walifika kwenye somo la jinsi mambo yanavyotolewa kichwani baada ya kuhifadhiwa. Wiki hiyo mama alikuwa ameteleza bafuni na kuumia kiuno, na Bangili alikuwa akimnyanyua na kumlaza kwa siku nne. Alipanda kijukwaani Alhamisi akiwa hoi. Saa ya kwanza ilienda. Saa ya pili ilienda pia. Saa ya tatu vidole vilikufa ganzi, naye akawa anaona midomo ya mhadhiri na kusikia maneno kana kwamba yanatoka chumba cha pili. Mikono iliendelea kwenda. Kipindi kilipokwisha alishuka, akanywa maji chupa nzima, na kama mtu angemuuliza somo lilihusu nini asingeweza kujibu. Hilo halikumshtua, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa siku zote. Maneno hupita mwilini mwa mkalimani kama maji kwenye bomba.

Wiki mbili baadaye wanafunzi walifanya jaribio, na wiki iliyofuata karatasi zikarudishwa. Kovu alimsubiri Bangili kwenye ujia nje ya ukumbi, ameshika karatasi yake kwa mikono miwili, kwa hiyo hakuwa akisema kitu. Alimpa aisome.

Swali la tatu lilitaka mwanafunzi alinganishe kukumbuka na utambuzi, atoe mifano miwili ya maisha ya kila siku. Lilikuwa na alama ishirini. Kovu alikuwa ameandika kurasa mbili, kwa mwandiko wake uliosimama kama mbao zilizopangwa, akieleza kwamba utambuzi ni nyumba nzima na kukumbuka ni chumba kimoja ndani ya nyumba hiyo, na kwa hiyo viwili hivyo haviwezi kulinganishwa. Alikuwa amepata mbili kati ya ishirini. Pembeni mhadhiri aliandika kwa wino mwekundu arudie somo la wiki ya tisa.

Kovu akatoa mfukoni ukurasa alioazima kwa msichana anayekaa jirani naye ukumbini. Kwenye ukurasa ule, katikati ya somo la wiki ya tisa, msichana yule alikuwa amepigia mstari maneno haya: utambuzi wa leo siyo ule wa jina la kozi. Leo maana yake ni kukiona kitu na kujua kwamba ulishakiona. Chini yake kulikuwa na mfano wa mhadhiri, wa mtu unayekutana naye njiani, sura yake unaijua vizuri lakini jina limekukimbia.

"Mfano wa sura ulinipa," Kovu alisema kwa mikono, polepole, kama anayesema na mtoto. "Ukaniwekea na ishara ile ile ya magurudumu. Lakini hii sentensi ya kwanza hukunipa. Iko wapi?"

Bangili aliisoma mara mbili. Akasema hajui.

"Hujui vipi? Watu mia nne waliisikia."

"Sikumbuki kuisikia. Huwa sikumbuki chochote ninachotafsiri. Kinapita tu."

Wanafunzi waliwapita kulia na kushoto, wakiinama kidogo wasikate mazungumzo.

"Dada," alisema, "mimi sina sikio lingine. Nina wewe. Wengine wakikosa neno wanamgeukia jirani. Mimi nikikosa, sijui hata kama nimekosa."

Alikunja karatasi yake akaondoka. Hakuonyesha hasira, na afadhali angeonyesha.

Bangili alirudi nyumbani kwa miguu, njia ndefu, kwa kuwa hakutaka kukaa karibu na mtu. Katika miaka yote ya kazi alishakosea neno hapa na pale, akajirekebisha hapo hapo na maisha yakaendelea. Kilichomuuma safari hii ni kwamba hakujua. Sentensi nzima ilimdondoka mbele ya watu mia nne na wala hakusikia ikianguka. Akaanza kujiuliza ni ngapi nyingine zilizoanguka kabla ya hiyo, muhula huu na uliopita, na kwa wanafunzi wale waliomtangulia Kovu, wengine wakiwa wameshaacha masomo na kurudi makwao wakiamini kwamba kichwa chao ndicho kizito.

Jioni alimwosha mama yake, akamkalisha kitandani na kumkanda kiuno. Mama alimshika mikono akitaka habari. Bangili alimwambia hana habari. Mama hakuiachia mikono. Basi Bangili akamweleza yote, kuanzia karatasi mpaka ujia, akikatiza hapa na pale kupumzisha bega.

Vidole vya mama vikaanza kusema. Alimkumbusha kwamba akiwa na miaka sita alikuwa akienda naye kliniki kumsemea kwa daktari. "Ukichoka ulikuwa unakaa chini, sakafuni," alisema. "Unamwambia daktari ngoja, nimechoka. Na daktari alikuwa anangoja. Watu wazima wote tulikuwa tunangoja."

"Nilikuwa mtoto, mama."

"Ulikuwa unasema kweli kuliko sasa," mama alijibu, kisha akalalamika kwamba mafuta ya kukandia yananuka na kesho atafutiwe mengine.

Bangili hakupata usingizi wa maana, lakini asubuhi alikuwa ameshaamua. Alimtumia Kovu ujumbe akamwomba wakutane mlangoni kwa mhadhiri saa nne. Kovu alijibu kwa neno moja, sawa.

Ofisi ya Miwani Mbili ilikuwa chumba chembamba kilichojaa karatasi za jaribio hadi kwenye kiti cha wageni. Alizihamishia sakafuni ili mmoja wao akae, na kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja wote wakasimama. Bangili alimwomba Kovu radhi mapema, kwa kuwa leo angesema maneno yake yeye mkalimani huku akimtafsiria. Kovu alikubali kwa kichwa.

Alieleza bila kuzunguka. Alisema sentensi ile ilisemwa, yeye hakuitafsiri, na mwanafunzi alijibu swali kulingana na alichopewa. Kosa lilikuwa la mkalimani. Kwa hiyo anaomba mwanafunzi aruhusiwe kulijibu upya.

Mhadhiri aliichukua karatasi ya Kovu akaisoma tena, safari hii yote. Alisema jibu lile lilimshangaza aliposahihisha, kwa kuwa lilikuwa limefikiriwa vizuri sana na halikuhusiana kabisa na swali. Alidhani mwanafunzi hakuhudhuria. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka tu kujua, "Mkalimani anaweza kufanya kazi vizuri kwa muda gani bila kupumzika?"

"Dakika ishirini," Bangili alisema. "Nikijikaza, thelathini. Baada ya hapo nakisia."

"Na mimi nafundisha saa tatu."

"Ndiyo, mwalimu."

Miwani Mbili alivua miwani ya puani akaishika mkononi. Alisema wiki ya nne alifundisha kwamba uzingatifu una mipaka, akaeleza majaribio ya watu wanaokaa muda mrefu wakingojea alama itokee kwenye kioo cha kompyuta na jinsi wanavyoanza kuikosa bila kujua wanaikosa. Alifundisha somo lote lile, na mtu wa namna hiyo alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake, akilitafsiri. Uso wake ulikuwa na mikunjo ya mtu aliyesahihisha karatasi mia nne peke yake, na Bangili kwa mara ya kwanza aliona kwamba hata yeye alikuwa taabani.

Bangili akasema jambo la pili, lile lililomtoa jasho. Kuanzia Alhamisi ijayo, kila baada ya dakika ishirini na tano atashusha mikono. Hataomba ruhusa. Atashusha tu, na ikiwa mhadhiri ataendelea kuongea, basi ataongea na watu mia tatu tisini na tisa.

Kovu, aliyekuwa akiyasoma maneno hayo kwenye mikono ya yule yule aliyeyasema, aliinua nyusi zake zote mbili.

Mhadhiri alihesabu kwa vidole wiki zilizobaki. Alisema silabasi haitakwisha. Kisha akasema haijawahi kukwisha mwaka wowote.

Basi ikawa hivyo. Wanafunzi walinung'unika wiki ya kwanza kwamba darasa limekuwa la kukaa na kusimama. Wiki ya pili wakazoea kunyoosha miguu, na baadhi yao, ambao hapo awali walisinzia saa ya tatu, sasa wakawa macho. Mada ya mwisho, ile ya kutatua matatizo, haikufundishwa kabisa, wakaambiwa wajisomee. Kila mapumziko Bangili aliketi ukingoni mwa kijukwaa na kuiweka mikono mapajani, viganja juu, kama vitu alivyopewa na mtu amshikie.

Kuhusu swali la tatu, mhadhiri hakuwa na mamlaka ya kubadilisha alama peke yake. Alipeleka barua kwenye kamati ya mitihani, Bangili akaitia sahihi kama mwenye kosa. Kamati ilijibu baada ya wiki tano kwamba hakuna kifungu kinachohusu makosa ya ukalimani, kwa hiyo alama zitabaki kama zilivyo. Kwenye aya ya mwisho walimshukuru mkalimani kwa uaminifu wake, na nakala ya barua wakaituma kwa mkuu wa kitengo, ambaye alimwita Bangili na kumuuliza kwa nini hakusema mapema kwamba anachoka. Bangili alimkumbusha tarehe tatu alizomwambia. Mkuu akaandika tarehe hizo kwenye daftari. Mwaka uliofuata aliletwa mkalimani wa pili, wa nusu siku.

Kovu hakumnunia. Jumatano walikaa tena kwenye meza yao, na jambo la kwanza walilofanya ni kutengeneza ishara mpya ya utambuzi wa namna ya pili: kidole kikitoka jichoni kwenda mbele, kikisimama, kisha kichwa kikitikisika mara moja, kama mtu anayesema, ahaa, wewe. Lakini tangu siku ile, kipindi kilipokwisha, Kovu alimwendea msichana jirani, akaazima daftari lake na kulilinganisha na lake mstari kwa mstari. Alifanya hivyo waziwazi, Bangili akiona. Mara ya kwanza ilimchoma. Baadaye akawa anakaa pale pale kuwasubiri, na palipokuwa na pengo alilijaza.

Mtihani wa mwisho ulikuwa siku ya joto, kwenye ukumbi ule ule, madirisha yote wazi. Kazi ya Bangili siku hiyo ilikuwa ndogo kuliko zote: kutafsiri maelekezo ya msimamizi mwanzoni, kisha kukaa kwenye kiti karibu na mlango kwa saa tatu, akihitajika aitwe. Alitafsiri kwamba simu zizimwe, kwamba kila jibu lianze ukurasa mpya, kwamba muda ni saa tatu kamili. Kovu alimwonyesha kidole gumba, akainamia karatasi yake.

Bangili aliketi. Kulikuwa na sauti ya kalamu mia nne zikikwaruza na ya mtu akikohoa nyuma kabisa. Hakukuwa na neno lolote la kubeba kutoka mahali popote kwenda popote. Alijaribu kufikiria atampikia nini mama, akashindwa kufika mwisho wa wazo hilo. Shingo ililegea, kidevu kikashuka kifuani.

Aliyemwamsha alikuwa Kovu, amemgusa bega la kushoto, lile zima. Msimamizi alikuwa amesimama pembeni yake akisubiri, maana seremala alikuwa akionyesha kitu kwa mikono na msimamizi hakuelewa.

"Mwambie nimejaza kijitabu cha majibu," Kovu alisema. "Nahitaji kingine."

Bangili alipangusa mdomo, akasimama, akamwambia msimamizi.